Jinsi ya kuangalia Inside Man na watu wa baraza lenu mpaka mwisho bila kugombana

Assalaam alaykum wapenzi wa muvi. Wenzangu wameniuliza mara nyingi vipi tunafanya ile ya kukaa pamoja tukatizama muvi alafu tukaijadili mpaka watu wanaondoka bado wanazungumza njiani, kwaiyo leo nimekaa naandika, na nitatumia muvi moja tu kua mfano mana ndo ninayoijua kuliko zote na ndo iliyowahi kuligawa baraza letu la Kikwajuni, hapa Unguja, mapande matatu. Inside Man, ya Spike Lee, ilotoka 2006. Denzel Washington yumo, Clive Owen yumo, Jodie Foster yumo. Muvi ya wizi wa benki. Au tuseme muvi ambayo watu wanasema ni ya wizi wa benki, mana ugomvi wenyewe unaanzia hapo hapo.

Kama hujaiona nenda kaione kwanza urudi. Huku chini nasema kila kitu mpaka mwisho wake na hii si muvi ya kuhadithiwa. Nalisema hili kwa uchungu kabisa, mana mara ya kwanza nilipowawekea wenzangu kuna kijana alikua keshaiona, basi hata nusu saa haijafika karopoka "yumo ndani ya ukuta huyo". Usiku ukaharibika. Watu wakanyanyuka mmoja mmoja, wengine kahawa hawakumaliza, na mie nimelala na kinyongo siku mbili. Kwaiyo kazi ya mwanzo kabisa kabla hata hujatafuta waya wa spika, uliza nani keshaiona. Usiwafukuze, hao ni watu wako, lakini wape kazi. Mmoja amimine kahawa, mmoja ashike rimoti, na wakae nyuma ya wenzao, si mbele wala ubavuni, mana mtu anaejua mwisho uso wake unasema na wale wengine wataanza kumtizama yeye badala ya muvi.

Sasa watu wenyewe. Usialike wapenzi wa muvi peke yao. Nimejaribu, inakua kila mtu anataka kuonesha kua kajua mapema, hakuna anaesikiliza. Changanya. Kwetu tulikua na ami yangu ambae kafanya kazi bandarini umri wake wote, fundi seremala wa mtaani, mwalimu wa skuli, binamu yangu anaekaa kaunta ya benki kila siku, vijana wanne wa muvi za mapigano, mama yangu na shoga zake wawili upande wao wa mkeka. Kumi na kitu. Wakizidi hapo inakua uwanja wa mpira, wakipungua saba mnakubaliana haraka mno. Yule wa benki muhimu sana kama mnaweza kumpata, nitaeleza kwanini. Na fundi pia, wallahi fundi ndo alituokoa.

Muda. Muvi ina dakika 129, yani saa mbili na dakika tisa, na mtasimama katikati kama robo saa. Sisi tunaanza baada ya isha watu wakishakula, saa mbili kamili, saa nne na nusu imekwisha mnabaki na mazungumzo. Usiweke usiku wa Simba na Yanga, utakaa na mkeka wako peke yako. Chaji laptopu ijae hata kama umeme upo, na kama mnatumia projekta basi shuka nyeupe iliyovutwa vizuri inatosha, funga ncha nne zote mana upepo wa usiku ukiingia uwani sura ya Denzel inakunjana.

Lugha ndo mtihani. Wale watu wa New York wanazungumza mbio na kwa mafumbo, na maandishi ya chini yakiwa ya Kiingereza nusu ya wazee hayawawahi. Chagueni mtu mmoja wa kufasiri, mmoja tu, na mkubaliane nae kua anasema kilichosemwa bila kutia chumvi zake kama zile muvi za vibandani za kutiwa sauti, zile ni sanaa nyengine na mie nazipenda ila hapa zitawapoteza. Na asifasiri kila sentensi. Kuna sehemu nne ambazo mtu asipozielewa atakuja kulalamika muvi haina kichwa wala miguu: maneno ya mwanzo ya jambazi akiwatizama nyinyi usoni, ile sauti ya Kialbania, mazungumzo ya yule mama wa suti, Jodie Foster, na jambazi ndani ya benki, na pale mwisho askari, yani Denzel, anapomwendea mwenye benki kumuuliza habari ya pete. Hizo nne zifasiriwe vizuri hata kwa kusimamisha. Zilizobaki macho yanatosha.

Na jambo la adabu nalisema wazi mana wengine wameaibika. Kuna matusi mengi ya Kiingereza, na kuna mahala majambazi wanawaamrisha mateka wavue nguo wabaki na za ndani ili wavishwe ovaroli. Haichukui muda lakini kama mama mkwe yupo pale ni muda mrefu sana. Nilipoiweka Chake Chake kwa wakwe nilimwambia shemeji mapema, akamwambia mama yake, na ilipofika pale mama akaenda zake jikoni kuangalia chai, akarudi, hakuna alietahayari. Watoto wakalale. Marekani kwenyewe walikataza mtoto wa chini ya miaka 17 kuingia bila mkubwa wake.

Ikianza, nyamazeni. Mwanzo wake una mambo mawili na yote mawili yana kazi. La kwanza ni yule Clive Owen, anaitwa Dalton Russell humo ndani, kakaa mahala pembamba pa giza anajitambulisha anasema yeye nani, kafanya nini, kwanini, na kua maneno yake kayachagua kwa uangalifu na hayarudii. Waambie watu wayashike. Usiseme zaidi ya hapo. Kila mtu atadhani yupo jela na waache wadhani.

La pili ni nyimbo. Jamani, ile nyimbo! Muvi ya Marekani, magari ya New York, alafu inapigwa Chaiyya Chaiyya ya A. R. Rahman, ile ya kwenye muvi ya Dil Se ya 1998, Shah Rukh Khan na Malaika Arora wanacheza juu ya treni. Kwa Mmarekani pengine ni mdundo mgeni tu lakini kwetu sie ile nyimbo imepigwa maharusini, imepigwa kwenye deki za kaseti mpaka utepe umekatika, shoga yake mama alianza kuimba na maneno anayajua yote. Na mwaka ule ule wa 1998 ndo tamasha la muvi la ZIFF lilianza pale Ngome Kongwe, mie nahisi ni mwaka mzuri kwetu. Sasa usiwazuie watu kuimba. Ile nyimbo inawafanya watu wa umri wowote waone hii muvi ni yao pia, na mtu alieona kitu ni chake atakua na la kusema baadae.

Alafu muvi inakwenda. Wanaingia wamevaa kama wapaka rangi, wanazima kamera kwa mataa yao, wanafunga milango, wanawavisha mateka wote ovaroli na vinyago sawasawa na wao, na majambazi wenyewe kwa wenyewe wanaitana kwa jina moja tu la Steve likigeuzwa geuzwa. Hapo vijana wako watatulia. Baadae watachoka mana risasi hazipigwi. Wavumilie, ila mkiona mmoja katoa simu mwanga unawasha uso wake mwambieni aiweke, kwa upole, mana kuna maelezo madogo madogo hapo katikati ambayo ndo mtakayogombania.

Intavali

Wazee wetu waliokulia senema za Majestic pale Vuga na Cine Afrique Malindi wanajua kitu ambacho sie tumekisahau, intavali. Zile za Kihindi zilikua ndefu, taa zinawashwa katikati, watu wanatoka nje wananunua njugu na wanabishana nani muuaji, alafu wanarudi. Ami aliponambia hivo nikaona hapa ndo pana siri. Kwaiyo na sisi tunasimamisha, mara moja tu, na pa kusimamisha ni mahala pamoja tu, usikose: pale milango ya benki inapofunguka watu wote wanamiminika nje na moshi, wamevaa sawa, vinyago sawa, na polisi wanawalaza wote chini hawajui nani jambazi nani mateka. Simamisha hapo. Mpaka hapo mmeshaona vipande vya Denzel akiwahoji watu baada ya tukio, rangi yake imepauka kama picha iliyokaa juani, kwaiyo mnajua kua watu wamekamatwa wakahojiwa lakini hamjui jibu.

Washa taa. Mimina kahawa, kashata zipite. Alafu uliza suali moja tu, "Dalton yuko wapi sasa hivi?" na kila mtu ajibu, kuanzia mdogo kwenda mkubwa, na uandike. Andika kwenye daftari, jina na jibu. Ukianza na mkubwa wadogo watafuata jibu lake kwa heshima, hilo tunalijua wenyewe. Na ukiacha kuandika, muvi ikisha watu wote watakua walijua. Kwetu majibu yalikua hivi: vijana watatu walisema kapita kwenye lile shimo walilochimba sakafuni katoka kwa mtaro, mmoja kasema yule Denzel kanunuliwa, mwalimu kasema yumo kati ya waliolazwa chini, mama kasema hajali yupo wapi anataka kujua yule mzee mwenye benki anaogopa nini. Ami kasema "hajatoka". Basi, neno moja, na hakueleza. Fundi seremala alinyamaza muda alafu kauliza kwanini wameingiza vifaa vya kujengea kama wanataka kuiba tu. Mie niliekua najua mwisho nilibana meno.

Zima taa, malizeni.

Ikisha

Mwanzo wa mazungumzo ndo utaamua usiku wote. Usiulize "mmeipenda?" Ukiuliza hivo mtu mkubwa atasema nzuri na waliobaki watasema nzuri mnakwenda kulala. Sema, "nani haikumpendeza aanze". Na asikatwe. Kwetu alianza kijana mmoja akasema imepoa, wizi gani hakuna aliekufa hakuna alokimbizwa, hata yule mateka waliemuua mbele ya polisi kumbe uongo na bunduki zenyewe sanamu, yeye alitegemea stelingi apambane. Na alikua na haki. Kama umeingia kwa ajili ya mapambano hii muvi imekunyima, na kumwambia mtu hana akili kwa sababu kataka alichozoea ni dhulma. Nilichomuuliza ni kimoja: lini ulichoka? Akataja sehemu, zile za mahojiano, akasema ukishaona watu wanahojiwa unajua wapo hai sasa uogope nini. Mwalimu akaruka hapo hapo akasema yeye zile ndo zilimuweka macho, mana hofu yake ilihama, kutoka "watakufa?" ikawa "nani kati yao muongo?" Unaona, wote wawili wamezungumzia sehemu moja. Hapo mazungumzo yameanza kua mazungumzo.

Hiyo ndo kanuni yangu ya pekee na naishikilia kwa meno: ukisema kitu kuhusu muvi, taja sehemu. Mtu akisema "inachosha" au "kali sana", mwambie nioneshe, na rimoti ipo. Rudisheni. Sisi usiku ule tulirudisha mara sita. Ugomvi mwingi wa muvi ni watu wawili wanaozungumzia vitu viwili tofauti kwa jina moja.

Alafu yanakuja matundu. Kila muvi ya wizi wa akili watu wanaichimba matundu, na hii wanaichimba khasa, na mie nimejifunza kuyagawa mafungu matatu kabla ya kubishana. Fungu la kwanza ni tundu ambalo muvi imelijibu ila wewe ulikua unamimina chai. Mfano mtu anasema "polisi wanawezaje kusikia Kialbania alafu isiwe kitu?" Imejibiwa. Polisi walitia vinasa sauti kwenye maboksi ya piza, majambazi walijua watatiwa, wakawapigia hotuba ya Enver Hoxha, yule mtawala wa Albania aliekwishakufa, wakawapotezea wakati wao wote kutafuta mtu wa kuifasiri. Hilo si tundu, rudisha uone, na ukishaona utacheka kwa raha. Mfano mwengine, "waliosaidia walitokaje?" Walitoka kama mateka, walihojiwa kama mateka, na mwisho wamo ndani ya gari wanamsubiri.

Fungu la pili muvi haikusema lakini unaweza kukisia kwa haki. Dalton amejuaje habari ya kasha namba 392, lile la siri la mwenye benki? Muvi haituambii alipata wapi. Binamu yangu wa benki ndo alipofaa hapa, akasema kwenye kazi ya benki mtu hashtuki na kisichofunguliwa, anashtuka na kisichoandikwa, kasha lisilokua na maandishi kwenye vitabu linazungumziwa na wafanyakazi miaka na miaka, kwaiyo habari kutoka si ajabu. Hakuthibitisha kitu lakini alilifanya liwe jambo la watu wa kweli. Na huyo huyo ndo alietufungulia jina la muvi, mana kwenye wizi wa benki kila mtu anamtafuta "mtu wa ndani", mfanyakazi aliewauza wenzake, sote tulimtafuta usiku kucha kati ya wale makarani, kumbe mtu wa ndani ni wa ndani kweli, kajengewa ukuta wa uongo nyuma ya stoo kakaa wiki nzima na chakula chake na shimo lake la choo, alafu katoka kwa mlango wa mbele na mkoba mgongoni kama mteja.

Hapo fundi seremala akashuka na utaalamu wake. Vijana walikua wanasema haiwezekani, polisi wangeona stoo imepungua. Fundi akasema yeye kapiga pazia za mbao kwenye maduka ya Darajani, ukimpunguzia mtu chumba hatua mbili na ukaweka rafu zake na maboksi yake vile vile hatojua, mana mtu hapimi chumba kwa futi anapima kwa vitu vyake. Alisimama akatuonesha kwa mikono. Nilifurahi mno usiku ule kumuona mzee wa watu ambae hua hasemi kitu baraza zima linamsikiliza.

Fungu la tatu ndo tundu la kweli, na msilifiche. Yule mwenye benki, Arthur Case, aliecheza ni Christopher Plummer, alipata utajiri wake wakati wa vita kuu ya pili kwa kushirikiana na Manazi, kawauza watu waliokua rafiki zake, Mayahudi, na kwenye kasha kaweka almasi, pete ya Cartier na karatasi zenye ushahidi. Plummer kazaliwa 1929, vita vimekwisha 1945 yeye ana miaka 15, na kwenye muvi hakuzeeshwa kuonekana wa tisini. Hesabu haikai. Mwalimu aliitoa hiyo kwa furaha na hakuna alieijibu, na ni sawa. Muvi inaweza kua nzuri na ikawa na hesabu isiyokaa, kubalini muendelee, msikae pale nusu saa mnajenga visingizio.

Lakini lile kubwa linaloulizwa na kila mtu duniani alieiona hii muvi, lipo fungu gani? Kwanini mzee hakuzichoma karatasi? Miaka sitini. Kibiriti kimoja tu. Vijana walisema hilo tundu, muvi imekufa hapo. Mie mwenyewe nilikua upande wao. Mama yangu, ambae mpaka hapo alikua anachambua ubuyu, ndo akasema "nyie hamjui watu". Akatukumbusha kasha la bibi, lile la Kizanzibari la njumu za shaba ambalo mpaka leo lipo chumbani kwake, lina droo ya siri ndani ambayo ukivuta kibao ndo inatokea. Alipofariki bibi, matanga yamekwisha, walifungua ile droo wakakuta karatasi ya deni. Babu alikua kadhulumu mtu shamba la mikarafuu, na karatasi ile ndo ushahidi, na bibi kaikuta sijui mwaka gani na hakuichoma. Aliishi nayo. Mama akasema mtu hachomi, kuchoma ni kama kusema halikutokea na yeye anajua limetokea, kwaiyo analificha mahala anapoweza kulilinda na kulitizama. Baraza likawa kimya. Kijana aliesema muvi imekufa aliuliza lile shamba lilirudishwa? Mama akasema lilirudishwa, ndo kazi ya mwanzo waliyofanya.

Sijui kama Spike Lee au alieandika, Russell Gewirtz, walifikiri hivo, na haijalishi. Tangu siku ile mie karatasi za Case nimezitoa fungu la tatu nimeziweka la pili na siwezi kuzirudisha.

Wizi au si wizi

Hapa ndo mapande matatu yalipotokea na hapa ndo panataka uangalifu, mana mazungumzo yanatoka kwenye muvi yanaingia kwenye dini na kwenye watu. Hela za benki hazikuguswa. Polisi wanasema hakuna kilichoibiwa, kwaiyo hakuna kesi. Dalton kachukua almasi, pete kaiacha na ujumbe Denzel aifuatilie. Alafu wakati wa kutoka kampiga kikumbo Denzel mlangoni kamtilia almasi moja mfukoni.

Ami akasema mwizi ni mwizi, mali ya dhulma haisafiki kwa kuibiwa, kama alitaka haki angezipeleka almasi kwa warithi wa wale waliouliwa. Mwalimu akasema bila yule mwizi mzee angekufa anaheshimiwa, na tayari alikua anaheshimiwa kwa sadaka zake, sasa haki ingetoka wapi? Vijana wakasema Dalton kajilipa mshahara wa kazi ambayo serikali haikuifanya. Sauti zikaanza kupanda. Nikafanya kitu ambacho nakuomba na wewe ukifanye: kila upande niliwauliza waseme hoja ya upande mwengine mpaka wenyewe waseme "ndio, hivo ndo tunavyosema". Ami alikataa mwanzo, akasema mie mtu mzima nifundishwe kusema maneno ya watoto? Nikamwambia ami tafadhali, kwa ajili yangu. Akasema, na akaisema hoja ya vijana vizuri kuliko walivyoisema wao. Sauti zilishuka zenyewe.

Hamtokubaliana, na msilazimishe. Ila uliza na hili la ile almasi ya mfukoni, mana watu wanalipita: sasa Denzel nae anayo, je kapewa zawadi au katiwa doa? Kumbuka huyu ni askari ambae muvi imeanza anashukiwa kwa hela zilizopotea, dola 140,000. Sisi hapo tulikaa dakika arubaini.

Kuna mambo mawili madogo usiyaache. Yule mama wa suti, Jodie Foster, wengi wanasema ukimtoa muvi haipungui kitu. Mie sikubali, yeye ndo anaetuonesha kua watu wakubwa wana mlango wao wa pembeni hata polisi wakiwa wamefunga mtaa mzima, lakini sitii mkazo. La pili natia mkazo. Kuna mateka mmoja Singasinga, anatoka nje polisi wanamuita Mwarabu, wanamvua kilemba chake, na baadae anakataa kuhojiwa mpaka kilemba kirudi. Muvi imetoka 2006, miaka mitano baada ya Septemba 11. Wengi wanaona ni sehemu ya pembeni tu. Ukiwa Unguja ambapo jirani yako Muhindi, mjomba wako ana asili ya Oman, na kila mtu ana kitu kichwani, hiyo si pembeni hata kidogo. Shoga yake mama, yule wa nyimbo, alisema ile sehemu imemuuma kuliko yule mateka wa kuuliwa, mana ile ya kuuliwa ilikua uongo na hii ya kilemba ilikua kweli. Mwachie nafasi mtu kama huyo azungumze, na msimrudishe haraka kwenye habari za ukuta.

Mara ya pili

Baada ya wiki mbili tatu iwekeni tena, na wale wale. Najua watu watasema keshajua mwisho aangalie nini. Angalieni mikono. Angalieni nani anaguswa na nani haguswi wakati wa kupigwa, nani anakaa karibu na nani, wale walioonekana ndani ya gari la mwisho walifanya nini mwanzo. Angalieni yule mtoto mwenye gemu na vile Dalton anavyozungumza nae, mie mara ya kwanza niliona ni kupoteza muda na mara ya pili ndo nimejua jambazi huyu ana mipaka yake. Kijana wa "imepoa" alikuja mara ya pili bila kuitwa, na bado anasema imepoa, lakini sasa anasema imepoa kuanzia wapi mpaka wapi.

Na siku hiyo ya pili nyimbo ya Rahman haijaanza hata, ni yale maneno ya mwanzo tu, Dalton kakaa gizani anatutizama, ami alinyanyuka kwenye jamvi na kofia yake na kikombe mkononi, akaenda mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikaziba nusu ya picha watu wakapiga kelele ami kaa chini, akaweka kidole pembeni ya kichwa cha yule mtu. "Tizameni nyuma yake," akasema, "jela gani ina ukuta wa mbao mpya?"